Soriasisi: Dawa Ipi, kwa Nani, Chini ya Uangalizi wa Nani

Mwaka 1951 daktari wa Marekani aitwaye Richard Gubner na wenzake walikuwa wakiwajaribia wagonjwa wa baridi yabisi dawa ya aminopterini, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa imeanza kutumika kwa watoto wenye saratani ya damu. Walitaka kuona kama viungo vitapoa. Wakaona na jambo ambalo hawakulitafuta: ngozi iliyokuwa na soriasisi ilianza kusafika, magamba yakapukutika. Aminopterini ilikuwa kali mno, nafasi yake ikachukuliwa na jamaa yake methotreksati, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mamlaka za dawa za Marekani zikaiidhinisha rasmi kwa soriasisi.

Miaka zaidi ya 70 imepita tangu ugunduzi ule, na kwa mgonjwa wa Mwanza, Kisumu au Bukavu mwenye soriasisi iliyotapakaa mwilini, methotreksati bado ndiyo dawa nzito iliyo karibu na mkono wake. Katika miaka hiyo dunia imepata sindano ambazo nguvu yake Gubner asingeiamini. Kwa hiyo swali la dawa ipi ina nguvu kuliko nyingine limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa. Swali linalotuumiza huku kwetu ni la uangalizi. Dawa zetu za bei nafuu ndizo zinazotaka jicho la karibu zaidi, na dawa zinazopatikana kirahisi kuliko zote dukani ndizo zinazoharibu ngozi za watu.

Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mfumo wa kinga hukosea na kuichokoza ngozi: chembe za kinga ziitwazo seli T humwaga kemikali za uchochezi, hasa TNF, IL-17 na IL-23, na ngozi inaanza kujizalisha kwa kasi isiyo ya kawaida. Ngozi yenye afya hujibadilisha kwa muda wa kama mwezi mmoja. Kwenye baka la soriasisi kazi hiyo inafanyika kwa siku chache tu, seli changa zinarundikana juu kabla hazijakomaa, na hayo ndiyo magamba meupe yanayoanguka kitandani na kwenye nguo nyeusi. Uelekeo wa kuugua hurithiwa. Kinachouamsha ugonjwa kinaweza kuwa maambukizi ya koo, mchubuko, pombe, sigara, msongo wa mawazo, au dawa nyingine kabisa: lithiamu ya wagonjwa wa akili, dawa za presha za kundi la propranololi, na klorokwini, ambayo ilikuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria hadi Kenya ilipoiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Jamaa yake, haidroksiklorokwini, bado hutumika kwa lupasi na baridi yabisi, kwa hiyo mgonjwa aulizwe anameza nini kabla hajaandikiwa cha kuongeza.

Kabla ya dawa kuna utambuzi, na hapa tunapoteza miaka. Vitabu vingi vya tiba vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vikafundisha kwamba baka la soriasisi ni jekundu. Juu ya ngozi nyeusi baka hilo huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokolea, na wekundu unaweza usionekane kabisa. Matokeo yake mgonjwa hupewa dawa za fangasi, zikishindwa huambiwa ana pumu ya ngozi, na anayefika kwa daktari bingwa wa ngozi mara nyingi amekwisha kupaka kila kilichoko dukani. Kuna na jambo la pili ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Soriasisi ikipona kwenye ngozi nyeusi huacha doa jeusi zaidi au jeupe zaidi, na doa hilo hukaa miezi. Doa lililo laini, lisilo na gamba wala unene, ni kumbukumbu ya ugonjwa; ugonjwa wenyewe haupo tena pale. Asiyejua hilo huendelea kupaka dawa kali juu ya ngozi iliyokwisha kupona, na kuiumiza upya.

Jambo la kwanza linaloamua dawa ni ukubwa wa eneo. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1 ya ngozi yake yote. Mabaka yasiyozidi viganja 3 huhesabiwa kuwa ugonjwa mdogo, na yakivuka viganja 10 ni mkali. Lakini hesabu hiyo haitoshi. Baka moja usoni, sehemu za siri, kwenye nyayo au kwenye viganja vya fundi cherehani linaweza kumvuruga mtu kuliko mabaka kumi ya mgongoni. Kisha kuna viungo: hadi thuluthi moja ya wagonjwa hupata baridi yabisi ya soriasisi, yenye vidole vilivyovimba kama soseji na ukakamavu wa asubuhi, na mara nyingi kucha zilizotoboka vishimo vidogo hutangulia kutoa ishara. Hao krimu haiwatoshi hata kama mabaka yao ni machache, kwa sababu kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Kwa ugonjwa mdogo, tiba ni ya kupaka, na mfalme wa kundi hili ni steroidi. Hapo pana haidrokotisoni iliyo laini, betamethasoni ya wastani hadi kali, na klobetasoli iliyo kali kuliko zote. Zikitumiwa inavyotakiwa ni dawa nzuri sana. Klobetasoli kwenye kiwiko au goti kwa wiki mbili hadi nne inaweza kulilainisha baka lililokaa mwaka mzima. Ila dawa hiyohiyo ikipakwa usoni, kwapani au kwenye kinena hukondesha ngozi, huleta michirizi isiyofutika na kufumua mishipa midogo, na ikipakwa mwili mzima kwa miezi huingia kwenye damu na kuzilaza tezi za mwili zinazotengeneza steroidi ya asili.

Afrika Mashariki tuna balaa la ziada. Klobetasoli inauzwa kama krimu ya kung'arisha uso, na betamethasoni inapatikana ndani ya mirija ya dawa mseto, pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria, kwa yeyote anayeingia duka la dawa na kueleza kwamba anawashwa. Mwenye fangasi akiipaka, mwasho unatulia huku fangasi ikisambaa chini kwa chini. Mwenye soriasisi akiipaka, baka linapungua, anaacha, linarudi na nguvu, anarudi dukani. Naamini hakuna hatua moja ambayo ingewasaidia wagonjwa wa ngozi wa nchi zetu kuliko kuitoa mirija hiyo kwenye rafu za mbele na kuirudisha nyuma ya cheti cha daktari.

Kalsipotrioli, iliyoundwa kwa kuiga vitamini D, haikondeshi ngozi, na ikichanganywa na betamethasoni hufanya kazi kuliko kila moja peke yake. Kasoro yake ni bei, na kwamba haipatani na asidi ya salisili, inayoiua nguvu ikipakwa pamoja nayo. Asidi ya salisili yenyewe ina kazi yake ya kuling'oa gamba zito, hasa kichwani, ili dawa nyingine ipate njia; watoto wadogo wasipakwe eneo kubwa. Urea hulainisha. Lami ya makaa inanuka na kuchafua nguo, lakini tangu mwaka 1925, William Goeckerman wa Mayo Clinic alipoiunganisha na mionzi, haijaondoka kwenye tiba, na hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hizi tatu za mwisho hazihitaji kiwanda kikubwa. Zinaweza kuchanganywa hospitalini, na uwezo huo tunao: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kinajulikana kwa losheni ya kukinga jua inayotengenezwa pale kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ninachotaka kukiona ni marhamu ya lami na salisili ikitoka katika hospitali za mikoa kwa mtindo huohuo, kwa bei ambayo mkulima anaiweza. Mafuta ya kulainisha, hata yale ya mgando ya dukani, yapakwe kila siku na kila mgonjwa, awe anatumia dawa nyingine yoyote au hapana.

Juu ya krimu ipo mionzi. Mionzi ya urujuanimno aina ya UVB, ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311, huzituliza seli za kinga ndani ya ngozi. Mgonjwa husimama ndani ya kabati la taa kwa dakika chache, mara tatu kwa wiki, kwa mizunguko kama 20 hadi 30, na wengi husafika. Haigusi ini, haigusi figo, mjamzito anaweza kuipata. Ingefaa kuwa tiba yetu kubwa. Kinachoizuia ni nauli: mtu wa Tandahimba hawezi kufuata taa mara tatu kwa wiki katika jiji la mbali, na mwajiri hampi ruhusa hiyo kwa miezi miwili. Je, jua letu? Linasaidia, na wapo wanaoona mabaka yakipungua wakifanya kazi shambani mikono wazi. Lakini jua halina kipimo, na ngozi iliyoungua hutoa soriasisi mpya palepale ilipoungua. Dakika chache za asubuhi, zikiongezwa polepole, hazina ubaya kwa wengi. Kulala juani adhuhuri ni kujidhuru.

Sasa nifike kwenye dawa ambayo naomba kila mhudumu wa afya aiogope: prednisoloni ya vidonge na sindano za steroidi za kukaa muda mrefu, zinazochomwa ili "kumaliza mwasho". Ndani ya siku chache mgonjwa anang'aa. Dawa ikiisha mwilini, soriasisi inaweza kurudi kwa sura nyingine kabisa: ngozi nzima ikawaka na kuchubuka, au ikatapakaa vijipu vidogo vya usaha visivyo na bakteria, pamoja na homa na baridi kali. Hapo mtu anapoteza maji na joto kupitia ngozi, na anaweza kufa. Tiba mahususi ya hali hiyo ya vijipu, spesolimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, na ni wagonjwa wachache mno duniani wanaoifikia. Kutowasha moto huo ni rahisi kuliko kuuzima.

Mgonjwa ambaye krimu hazimtoshi, au ambaye viungo vimeguswa, ndiye wa methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki. Narudia kwa sababu watu wamekufa kwa kosa hili katika nchi tajiri na maskini: siku moja katika wiki, na siku hiyo iandikwe kwa jina kwenye bahasha ya dawa, Jumatatu au Ijumaa, kwa maneno na si kwa alama za kizungu za 1x1 tulizozoea. Kiwango huanzia miligramu 7.5 hivi na kupandishwa polepole, mara nyingi hadi kati ya 15 na 25. Kwa kuwa kidonge kimoja kina miligramu 2.5, mgonjwa atameza vidonge vingi siku hiyo moja, na mfamasia asiyeijua soriasisi anaweza kudhani daktari amekosea, akamgawia kimoja kila siku. Kosa hilo la nia njema huua uboho, damu ikakosa askari wake, na dalili ya kwanza huwa vidonda mdomoni. Mgonjwa wa methotreksati mwenye vidonda mdomoni au homa aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo. Asidi ya foliki, ambayo mama wajawazito wanaijua, hutolewa siku tofauti na siku ya methotreksati ili kupunguza kichefuchefu na madhara mengine.

Kabla ya kuanza hupimwa picha kamili ya damu, ini, figo, homa ya ini ya B na C, VVU, kifua, na ujauzito kwa mwanamke. Vipimo vya damu hurudiwa kila baada ya wiki chache mwanzoni, kisha kila miezi miwili au mitatu. Pombe iachwe. Pia kuna mgongano wa dawa ambao ni wa kwetu hasa. Septrin, tunayowapa watu wanaoishi na VVU na kuinunua hovyo kwa kikohozi na kuhara, huzuia folati mwilini kama methotreksati inavyozuia. Zikikutana uboho unaweza kusimama. SP, ile ya malaria wanayopewa wajawazito kama kinga na ambayo bado watu huinunua wenyewe, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Diklofenaki na jamii yake zinaweza kuibakiza methotreksati mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu. Mgonjwa mwenye orodha hii mfukoni ana usalama kuliko mwenye daktari maarufu asiyemwambia kitu.

Je, inafaa kiasi gani? Jaribio lililochapishwa mwaka 2008 liliwalinganisha wagonjwa kwa wiki 16: waliopata methotreksati, asilimia 36 walipata nafuu ya robo tatu au zaidi, waliochomwa adalimumabu, asilimia 80, waliopewa dawa bandia, asilimia 19. Ni kweli kipimo cha methotreksati katika jaribio lile kilipandishwa taratibu, na wengine huendelea kusafika baada ya wiki hizo. Hata hivyo nisiipambe. Ni dawa inayowatosha baadhi, inawapunguzia wengi, na inawashinda wasio wachache.

Saiklosporini hufanya kazi haraka na ni ya kuokoa jahazi kwa miezi michache, kwani hupandisha presha na kuchosha figo. Asitretini, ya jamii ya vitamini A, haishushi kinga, hivyo inamfaa mwenye VVU na mwenye soriasisi ya vijipu. Lakini huharibu mimba, na mwanamke hatakiwi kushika ujauzito hadi miaka 3 ipite tangu kidonge cha mwisho. Kwa msichana anayetarajia kuzaa baadaye, nisingeianza. Methotreksati nayo huharibu mimba, ila hutoka mwilini mapema zaidi, na daktari ndiye wa kusema asubiri muda gani.

Kuhusu VVU lipo la kusema zaidi. Soriasisi inayolipuka ghafla, kali, kwa mtu ambaye hakuwa nayo, ni sababu ya kupima. Inaonekana kinyume, kinga ikishuka na ugonjwa wa kinga ukapanda, lakini ndivyo ilivyo, na wengi wa hao ngozi zao hutulia kadiri ARV zinavyofanya kazi. Katika hali hiyo ARV yenyewe ni dawa ya soriasisi, na inatolewa bure.

Sindano za kibaolojia zilibadilisha kila kitu kwa wenye uwezo wa kuzipata. Badala ya kuipiga kinga yote, kila moja huzuia kemikali moja au mbili. Kati ya zinazotumika leo, za kuzuia TNF zilitangulia, etanersepti mwaka 2004 na adalimumabu mwaka 2008 kwa idhini ya Marekani; ikafuata ustekinumabu mwaka 2009; kisha za IL-17, sekukinumabu ikiongoza mwaka 2015; kisha za IL-23, guselkumabu mwaka 2017 na risankizumabu mwaka 2019. Katika majaribio ya risankizumabu, kiasi cha robo tatu ya wagonjwa walisafika kwa asilimia 90 au zaidi ndani ya wiki 16, na sindano yake, baada ya zile mbili za mwanzo, ni moja kila wiki 12. Kuna na kidonge kipya, deukravasitinibu, kilichoidhinishwa mwaka 2022, pamoja na apremilasti ya mwaka 2014 isiyo kali sana kwa faida wala kwa madhara.

Kwetu, uchaguzi kati ya sindano hizo unaanza na kifua kikuu. TNF ndiyo inayousaidia mwili kuvizingira vijidudu vya TB vilivyolala mapafuni. Ukiizuia, ukuta huo unabomoka na TB iliyotulia miaka 20 inaamka, mara nyingi nje ya mapafu. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo hakuna sindano ya TNF bila kutafuta TB iliyolala na kuitibu kwanza. Dawa za IL-17 na IL-23 zimeonekana kuwa na hatari ndogo zaidi ya kuiamsha TB, na kwa eneo letu hiyo ni sababu nzito ya kuzipendelea, ingawa ndizo ghali zaidi. Za IL-17 huleta fangasi za mdomoni na hazimfai mwenye ugonjwa wa uchochezi wa utumbo. Kwa mjamzito ambaye hawezi kukaa bila dawa, sertolizumabu ndiyo hupita kidogo mno kwenda kwa mtoto.

Bei ya sindano hizi Marekani kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya dola, na kwa hali hiyo ungedhani habari imeishia hapo. Haijaishia. Hataza ya adalimumabu imekwisha. Nakala zake zilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2018 na Marekani mwaka 2023, bei ikashuka sana katika hospitali za Ulaya, na nakala za ustekinumabu zikafuata huko Ulaya mwaka 2024. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, zetu zikiwamo, zilipitisha azimio la kuitambua soriasisi kama ugonjwa wa kudumu unaolemaza. Kwa azimio hilo mkononi, chama cha wagonjwa au cha madaktari wa ngozi kinaweza kuziuliza bohari za dawa na mifuko ya bima maswali mahususi: nakala ya adalimumabu itanunuliwa kwa pamoja lini, nani ataihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka mkoani, na kipimo cha TB iliyolala kitalipwa na nani. Lakini hospitali ambayo leo inampa mgonjwa methotreksati bila kumrudisha kwa kipimo cha ini haiko tayari kwa sindano hizo, hata zikiletwa bure. Kliniki ya ngozi yenye daftari la wagonjwa wa methotreksati, siku maalumu ya vipimo, na nesi mwenye simu ya kuwatafuta wasiofika inaweza kuanzishwa mwezi ujao kwa dawa tulizonazo, na wagonjwa hao hao ndio watakaokuwa wa kwanza kwenye foleni ya adalimumabu, wakiwa na mafaili yao kamili.